Mchele Uliozidi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mvua inyeshe au jua liwake, jiko la nyumba ile lilifungwa ili mali ihesabiwe. Hakuna kupika, hakuna kuchota hata kijiko cha sukari. Mwenye nyumba alivaa koti lake la kijivu la kazini, akafungua kabati la vyakula kwa ufunguo uliofungwa kwa kamba kiunoni mwake, akateremsha ndoo moja moja na kuzipandisha kwenye mizani: mchele, unga, maharage, sukari. Kila ndoo ilikuwa na kadi yake ya kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Mkewe, fundi cherehani, alikaa barazani nyuma ya mashine yake akisubiri ruhusa ya kubandika chai.

"Fundi!" Mume aliita kutoka jikoni. "Alhamisi ulipika vikombe vitatu vya mchele au vitatu na nusu?"

"Vitatu, mzee."

"Una hakika?"

"Vitatu. Hata ukoko tuligombania."

Kalamu ikakwaruza kwenye kadi.

"Haya. Inalingana."

Hapo ndipo chai ilipobandikwa.

Mtaani walimwita Mzee Stoo, na utani haukuisha. Walisema nzi akitua kwenye sukari yake hakaguliwi mbawa tu, anakaguliwa hata miguu kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Binti yao wa mwisho, aliyebakiza mwaka mmoja amalize masomo, alisema baba yake ana mkono wa birika, tena birika lenyewe lina kufuli. Lakini watu walimwonea bure. Mzee Stoo hakuwa bahili, alijua tu kuvuta kitu kifike mbali. Hakwenda dukani na njaa, kwa maelezo kwamba tumbo halisomi bei. Kabichi alinunua jioni, wauzaji wanapofunga magunia na hawataki kurudi na mzigo. Mche wa sabuni aliukata vipande akavianika dirishani hadi vikauke kabisa, visije vikayeyuka haraka. Chupa ya mafuta iliyokwisha aliisimamisha kichwa chini siku mbili nzima, na kwa hakika kijiko kizima kiliteremka.

Kwenye mkate tu ndipo alipozidisha. Sheria ya stoo ilikuwa kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Kwa hiyo kama mkate wa jana umebaki, unaliwa wa jana kwanza, na ukija kuisha, wa leo nao umeshakuwa wa jana. Tangu mzee aache kazi, nyumba ile haikuwa imeonja mkate wa moto. Ulinunuliwa ukiwa wa moto, ukanukia nyumba nzima, ukafungiwa kabatini kungoja zamu yake.

Fundi alinuna, akacheka, akazoea. Alikiri pia kwamba hela iliyokuwa ikikata kabla ya tarehe ishirini sasa ilifika mwisho wa mwezi. Tena alijua jambo ambalo mtaa haukulijua, kwamba Jumamosi mumewe hapimi mchele peke yake. Anapima kichwa chake.

Miaka ishirini na saba mzee alikuwa ametunza stoo ya kiwanda cha sabuni. Mwaka wa mwisho hesabu zikakataa. Mwezi wa kwanza magunia yalipungua, wa pili yakapungua, wa tatu vilevile. Hakuna aliyemwita mwizi. Angeitwa mwizi angepigana, angeapa, angeleta mashahidi na kadi zake za miaka yote. Meneja, kijana wa umri wa kifungua mimba wake, alimwekea mkono begani akasema, "Mzee, umechoka. Nenda ukapumzike." Akarudi nyumbani na neno hilo moja, umechoka, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa sababu baba yake mzazi naye alianza kwa kuchoka. Baadaye akawa anawakaribisha wanawe mwenyewe kama wageni, na alifariki bila kujua ni nani aliyekuwa akimwogesha.

Basi lile neno la Jumamosi, inalingana, halikuhusu chakula tu. Lilimaanisha kichwa bado kipo. Fundi alilisubiri kila wiki na roho yake juu, ingawa mguu uliendelea kukanyaga mashine kana kwamba hasikii.

Mambo yaliharibika bei zilipopanda na malipo ya uzeeni yakabaki palepale. Mtu mwingine angepunguza matumizi ya nyumba. Mzee Stoo alipunguza ya kwake. Sahani ya mkewe ilijaa, ya binti ilijaa, ya kwake ilikuwa na vijiko vichache vya wali vilivyotandazwa kwa ustadi ili vionekane vingi.

"Mimi siku hizi sifanyi kazi," alisema. "Njaa nitaitoa wapi?"

Angemdanganya mtu mwingine, siyo mke ambaye riziki yake ni kupima viuno. Ndani ya miezi mitatu Fundi aliibana suruali ya mumewe mara mbili. Mara ya pili machozi yalimtoka, mshono ukaenda upande, ikabidi aufumue aanze upya. Alimwomba ale. Alimnunia. Alimjazia sahani mwenyewe, mzee akazirudisha zile punje sufuriani, akasema hicho ni chakula cha kesho kimeshaanza kuliwa. Alipomwambia achukue hela ya ushonaji waongeze chakula, mzee alikataa katakata.

"Hela yako ni ya karo ya mtoto. Tusichanganye stoo mbili."

Ndipo Fundi akapata wazo lake, akalipenda mno. Kwa mtu wa cherehani, kinachobaki ni neema. Akikata gauni kikabaki kipande cha kutosha kofia ya mtoto, siku hiyo huimba. Alijua mumewe anaogopa vitu kupungua. Kuzidi je? Nani duniani anaogopa kuzidi? Atakuta mchele ni mwingi kuliko alivyodhani, atasema kumbe tunajitahidi, atajipakulia kama mtu mzima. Alivyoliwaza wazo hilo, halikuwa na kasoro hata moja.

Akaenda kwa mwenye duka la kona, ambaye watu walimbandika jina la Keshokutwa kwa sababu kila kitu asichokuwa nacho kilikuwa kinakuja keshokutwa. Akanunua mchele, sukari na unga, akaegemea kaunta na kushusha sauti.

"Mwanangu, mzee asijue. Hata akija akubane vipi, wewe hukuniona."

"Shangazi," Keshokutwa akaweka mkono kifuani, "mimi hapa ni kaburi."

Nafasi ya kumimina haikuwa ya kutafuta. Kila asubuhi mzee alimfungulia mkewe kabati achote posho ya siku, kisha yeye akatoka kunyoa ndevu bombani. Hakuwahi kusimama kumchunga. Kwenye stoo ile mtu mmoja tu ndiye aliyeaminiwa, na ndiye aliyetia mchele kwa siri, kikombe leo, viwili kesho, sukari konzi kwa konzi, unga kwa kukisia. Hakupima. Hakuona sababu ya kupima kitu anachotoa kwa mapenzi.

Jumamosi ya kwanza hesabu ilichelewa. Fundi alisikia ndoo ikipandishwa kwenye mizani, ikishushwa, ikipandishwa tena. Hatimaye neno likaja, lakini lilikuja taratibu, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Inalingana. Karibu."

Jumamosi ya pili mzee alitoa pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa, kilo moja kamili, akaipima kuona kama mizani inadanganya. Mizani haikudanganya. Fundi, aliyemchungulia kupitia pazia, aliinamia kitambaa chake akacheka peke yake. Alidhani mwenzake amepigwa na butwaa la furaha.

Lakini sahani haikujaa. Ilizidi kupungua. Fundi naye, kwa akili yake ya cherehani, akaamua kwamba dawa ni nzuri ila dozi ni ndogo. Akarudi kwa Keshokutwa, akaongeza.

Jumamosi ya nne mzee alikaa jikoni mpaka adhuhuri. Hakuuliza swali hata moja. Chai haikubandikwa, na binti alishapita mara mbili akijishika tumbo. Mwishowe mlango ukafunguliwa.

"Fundi, njoo. Na wewe mwanangu, njoo."

Walimkuta amevua koti la kijivu. Amelikunja vizuri, ameliweka kwenye kiti, na yeye amesimama kando kama mtu asiye na ruhusa ya kukaa. Ufunguo ulikuwa mezani, na kamba yake.

"Kuanzia leo stoo ni yako," alimwambia mkewe.

"Kuna nini? Kimepungua nini?"

"Mchele umezidi, karibu kilo nne. Sukari imezidi. Unga nao umezidi, na nimeupima mara sita."

Fundi nusura acheke kwa jinsi roho yake ilivyoshuka. "Si heri, mzee? Mimi nilidhani kuna msiba. Kuzidi nako ni kosa?"

Mumewe alimtazama kwa upole, akajibu kama anayemfundisha mgeni siku ya kwanza kazini.

"Kikipungua, huenda kuna mwizi. Huenda ni panya, huenda kikombe kilimwagika. Kikizidi hakuna wa kumsingizia. Stoo haizai, Fundi. Ina maana niliandika vimetoka vitu ambavyo havikutoka. Niliviona kichwani mwangu tu. Kule kiwandani nilijifariji kwamba labda vijana waliiba. Hapa nani kaiba? Mchele umezaana wenyewe ndooni?"

"Mzee..."

"Baba alianza hivihivi."

Wazo zuri lote la Fundi lilisimama mbele yake, na sasa akaliona lilivyo. Wiki nne alikuwa anamlisha mumewe sumu kwa kikombe, huku akicheka nyuma ya pazia. Akasema yote hapohapo, bila kupumua, maneno yakigongana. Ni mimi. Nilinunua kwa Keshokutwa. Nilimimina asubuhi ukinyoa ndevu. Nilitaka ule, unakonda, nimeibana suruali yako mara mbili, mimi ndiye mjinga, kichwa chako kizima.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtisha Fundi kuliko yote.

"Nilijua utasema hivyo."

"Ni kweli!"

"Nilijua kabla sijakuita. Nikajiambia, huyu mwanamke atajitwika." Akamgusa bega. "Haya, ulitia kiasi gani?"

"Sikupima. Kama... kama kilo mbili."

"Imezidi nne kasoro kidogo."

"Basi nne! Ni nne!"

"Fundi." Alilitamka polepole sana. "Usibahatishe kwa ajili yangu."

Binti, aliyekuwa amesimama akitazama huku na huku, hakuweza kuvumilia. Hakuwa ameona kitu chochote, asubuhi zote za wiki nne hizo alikuwa amelala fofofo, lakini mama yake alikuwa anatetemeka.

"Ni kweli, baba. Mimi nilimwona."

"Ulimwona anamimina kutoka kwenye nini?"

"Bakuli," alisema binti.

"Mfuko," alisema mama, kwa pamoja naye.

Binti akaanza kulia. Mzee akamvuta kichwa, akakilaza kifuani pake, akamwambia asijali, ana bahati ya kuzaliwa na watu wanaompenda. Fundi aliona afadhali angetukanwa.

Akamshika mumewe mkono. "Twende dukani. Sasa hivi. Usiponiamini mimi, utamwamini aliyeniuzia."

Mzee hakubisha. Walitoka hivyohivyo, bila koti, jua likiwa utosini, yeye na ndala zake na mkewe na uzi mweupe umemganda kwenye gauni. Njiani watu walimsalimia kwa utani wao wa kawaida, Mzee Stoo, leo umefunga mapema, naye akapunga mkono bila kusimama. Fundi alikuwa anatembea kwa haraka hata akawa anamburuta.

Keshokutwa alikuwa anapanga vibiriti. Aliwaona wakija wawili, mke mbele, mume nyuma, na mke macho mekundu. Akaweka vibiriti chini.

"Mwambie mzee," Fundi alisema kabla hata ya salamu. "Mwambie nimenunua mchele hapa."

Keshokutwa alimtazama mzee. Akamtazama Fundi. Akaona mama wa watu amebanwa, ameletwa dukani kuhojiwa na mume, na yeye alikuwa ameweka mkono kifuani akaahidi. Alikuwa mwongo wa kila kitu duniani, wa mafuta yanayokuja, wa mkate unaokuja, lakini siri ya mtu hakuwahi kuitoboa. Akajikaza.

"Mchele? Shangazi hajanunua mchele kwangu hata punje. Mwaka mzima huu. Mnunuzi si ni wewe, mzee?"

Akamkonyeza Fundi kidogo, kumtuliza.

"Hapana!" Fundi alipiga kaunta kwa kiganja. "Nimekuruhusu! Nakuomba, mwanangu, sema ukweli. Nilikukataza zamani, sasa nakuruhusu."

Uso wa Keshokutwa ukabadilika rangi. Alijua amekosea, ila hakujua ni wapi.

"Aa... kumbe. Basi ndiyo, mzee. Alinunua."

"Lini?" Mzee aliuliza, bila ukali.

"Siku... si siku hizo anazosema yeye mwenyewe?"

"Alinunua nini?"

"Mchele." Akamtazama Fundi apate msaada. "Na sukari? Na sukari. Watu wanaingia hapa wengi, mzee, ila haki ya Mungu alinunua, tena alinikataza nisikwambie, ndiyo maana nikasema hakununua, lakini alinunua."

Kila alipoongeza neno ilizidi kunuka uongo. Alitoa hadi daftari lake kutoka chini ya kaunta, akalifungua na kulifunga, maana mle aliandika wanaokopa tu, na Fundi alilipa taslimu kila mara ili kusibaki alama.

"Nashukuru, mwanangu," mzee alisema. "Nashukuru sana. Nyote mna moyo mzuri."

"Mzee, kweli nakwambia..."

"Nimesikia. Nakushukuru."

Fundi alishika kingo za kaunta kwa mikono miwili. Ukweli alikuwa nao wote, mzima, na haukumsaidia kitu, kwa sababu ulikuwa na sura ileile ya uongo ambao mke mwema angeusema. Kadiri alivyoapa ndivyo mumewe alivyozidi kumhurumia. Akifikiria aende kwa nani mwingine, hakumpata. Hakukuwa na mtu mwingine, alihakikisha mwenyewe kwamba hakuna. Alilia pale dukani mbele ya mteja aliyekuja kununua kiberiti, na mzee ndiye aliyemfuta machozi kwa pindo la shati lake, akamwambia yaishe, mke wangu, yaishe, tutayazoea.

Walirudi nyumbani taratibu. Mzee hakuburutwa tena. Alianza kumweleza mkewe mambo ya kabati, kwa sauti ya mtu anayekabidhi kazi: maharage yako ndoo ya chini kwa sababu ni mazito, unga aufunike vizuri, mizani ianze kwenye sifuri kila mara. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka kadi ya sukari imebakiza mistari mitano ijae, alikumbuka mkate wa jana na wa juzi, alikumbuka mafuta yatakwisha siku gani. Fundi alimwambia, "Unaona? Unaona unavyokumbuka?" Mzee akaitikia tu kwa kichwa, kama mgonjwa anayeambiwa leo ameamka na nuru usoni.

Walifika kwenye njia panda, pale penye fundi viatu. Njia ya nyumbani inakata kushoto. Mzee Stoo alikuwa amekata kushoto pale kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, akitoka kazini, akitoka sokoni, akitoka kumpeleka kila mtoto wake shule siku ya kwanza. Mguu wake ulishaanza kwenda kushoto wenyewe. Akaurudisha. Akasimama.

"Tangulia, Fundi," alisema. "Mimi nitakufuata."

"Mzee, si njia unaijua?"

"Naijua," alijibu. "Hata ule mchele niliujua."

Fundi alisimama akimtazama, akingoja apige hatua moja tu, moja. Fundi viatu aliinua kichwa akawasalimia, wakaitikia. Mzee hakusogea. Alikuwa amefumbata mikono nyuma, ametulia, anamsubiri mkewe aamue.

Fundi akatangulia. Nyuma yake ndala za mumewe zilimfuata taratibu, na kila aliposimama kumwangalia, nazo zilisimama.